Kulipia Nafasi Google: Kipi Kinauzwa, Kipi Hakiuzwi

Kampuni ndogo za utalii za Moshi, Arusha na Zanzibar huandamwa na barua pepe za aina moja: lipa ada ya mwaka, tovuti yako iingizwe Google na ikae ukurasa wa kwanza. Baadhi hulipa, na sababu yao naielewa. Mgeni wa Ujerumani au Marekani huanzia safari kwenye simu yake. Usipoonekana humo, umemkosa. Ila bidhaa wanayouziwa haipo.

Zamani ilikuwepo. Yahoo ilikuwa na orodha ya tovuti iliyopangwa na wahariri, na mfanyabiashara aliyetaka ya kwake ikaguliwe alilipa. Ada ilifika dola 299 kwa mwaka. Tovuti ya utafutaji ya GoTo.com, iliyoanza 1998, iliziuza kwa mnada nafasi zenyewe za matokeo. Mwaka 2002 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaziandikia kampuni za utafutaji, ikizitaka zionyeshe waziwazi kipi kimelipiwa. Orodha ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014.

Leo Google haitozi senti kuingiza tovuti kwenye matokeo ya kawaida, wala haiuzi nafasi humo. Akaunti ya Search Console, chombo cha Google cha kufuatilia tovuti yako kwenye matokeo, ni bure, na kuiweka biashara kwenye ramani ni bure. Google yenyewe imetamka kwamba hakuna awezaye kuahidi nafasi ya kwanza. Anayekutoza kwa ahadi hiyo anauza kisicho chake. Fundi anayefanya kurasa zako zifunguke haraka na picha zako zieleweke, huyo mlipe, amefanya kazi.

Kinachouzwa kweli ni tangazo, lile linalokaa juu ya matokeo. Maneno hupigwa mnada, na unalipa mtu anapobofya. Dau kubwa peke yake halitoshi, kwa kuwa ubora wa tangazo na wa ukurasa hupimwa pia. Basi piga hesabu kabla ya kutoa kadi ya benki. Tuseme mbofyo mmoja ni dola 2, na kati ya watu 100 waliobofya mmoja anapanda Kilimanjaro nawe. Mgeni huyo amekugharimu dola 200. Ukishatoa ada za hifadhi, malipo ya waongozaji na wapagazi, chakula na usafiri, ikibaki dola 300, tangaza. Ikibaki 150, umepanda mlima kwa hasara.

Na bei ya mbofyo huipangi wewe. Maneno mapana kama safari ya Tanzania yanagombewa na mawakala wa ng'ambo wenye mifuko mirefu. Booking Holdings, wenye Booking.com, peke yao hutumia mabilioni ya dola kila mwaka kujitangaza. Kampuni ya Moshi isiingie vita hiyo. Ishike maneno membamba: njia ya Rongai wakati wa mvua, au siku nane kupitia Lemosho. Anayetafuta hivyo karibu ameshaamua kuja. Anachotafuta ni wa kumpeleka.

Kuna malipo mengine ambayo mimi nayaona ni dhuluma. Google inamruhusu mshindani kununua jina la kampuni yako kama neno la utafutaji. Mgeni aliyeambiwa na rafiki yake kuhusu kampuni fulani ya Arusha analiandika jina hilo, halafu juu kabisa anakutana na dalali. Mwenye jina sasa inambidi alipe ili aonekane kwa jina alilolijenga kwa jasho lake. Hiyo siwezi kuiita gharama ya kutafuta wateja, maana mteja huyu alishapatikana.

Hilo mwenye biashara mmoja hawezi kulimaliza. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na tume ya kuisimamia. Vyama vya waongozaji na mawakala wa utalii vikusanye ushahidi wa majina yanayonunuliwa hivi, viupeleke kwa tume hiyo, na tume ilichunguze.