Diani Sio Mchanga wa Hoteli

Muulize mtu wa Nairobi aliyeshuka Diani aliona nini. Atakuonyesha picha tatu: miguu mchangani, dafu lenye mrija, ngamia. Sawa, ule mchanga ni mweupe kweli, sibishi. Lakini wasee, mnakubalije kuambiwa pale ni pa wageni wa vyumba tu?

Mimi nishaulizwa niko chumba namba ngapi. Nimejikalia zangu ufuoni na mahamri yangu, sina shida na mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kwa hiyo bwana askari, chumba changu ni hiki hapa. Noma ni njia ya kufika. Ukuta wa ploti hii ukishikana na wa jirani, ufuo unabaki wako kwa karatasi, we mwenyewe uko barabarani unasikia mawimbi. Kaunti ya Kwale ikitaka kutufurahisha vijana, ipige kibao kikubwa kwenye kila njia ya umma iliyobaki.

Tukingoja hicho kibao, siku yenu ipangeni hivi. Likoni, kuvuka feri kwa miguu ni bure. Matatu mpaka Ukunda, boda mpaka Kongo, pale mto Mwachema unapokutana na bahari. Kuna msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe kwenye mibuyu, na bado watu wanaswali humo, kwa hiyo nguo za kuogelea ziache kwenye begi. Halafu Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ulioingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Mtafungwa kaniki kiunoni na hamtoki hata na jani. Kule ndani nilijikuta nanong'ona bila kuambiwa.

Ila nikilazimishwa kuchagua pahali pamoja, ni Gazi, huko Msambweni. Kina mama wa pale wana njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na wanapika. Mikoko hiyo hiyo, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 kuuza hewa ya kaboni, imeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Hela yako ikiingia pale unaona ilikoenda. Agizeni samaki kabla hamjaingia mikokoni, mkitoka mnakuta yuko tayari.