Usitoke ofisi ya vifurushi bila namba ya konda

Ndugu mfugaji, unapoagiza vifaranga kwa basi, usitegemee risiti peke yake. Namba iliyo juu yake ni ya ofisi, na ofisi ikishapakia mzigo haijui tena gari limefika wapi. Mwaka jana niliagiza vifaranga 100. Kila nikipiga ofisini najibiwa, "Gari lipo njiani." Kumbe limeharibika tangu mchana, na boksi langu liko kwenye buti, limebanwa na magunia. Asubuhi niliopokea hai hawakufika 40.

Ni kweli kifaranga aliyeanguliwa hubaki na akiba ya kiini tumboni, huweza kukaa hadi siku 3 bila kula. Akiba hiyo haimpi hewa. Ningeongea na konda, angelishusha boksi kivulini, basi.

Kwa hiyo dai namba ya gari na ya konda (dereva mwache aendeshe), ziandikwe kwenye risiti. Yako iandikwe juu ya boksi kwa maandishi makubwa. Konda akiwa na simu janja, mwombe akutumie kwa WhatsApp mahali alipo kila wanaposimama. Usimsumbue, ana mizigo ya watu wengi. Mpigie gari likiondoka, kisha likikaribia.

Nawe unayetuma nyanya au mayai mjini, mtumie mteja namba hizo kabla hajauliza. Ofisi ikikataa kuzitoa, mimi mzigo wangu nauhamishia dirisha la jirani.