Chokaa Haiponyi Utumbo

Mwandishi mmoja anadai kuwa kuku wa nyama akichechemea, dawa ni kumwongezea chokaa, na kwamba vimeng'enya vya chakula ni ujanja wa wauzaji. Chokaa ina kalisi, fosforasi je? Mfupa hujengwa kwa vyote viwili. Takribani theluthi mbili ya fosforasi ya mahindi na soya imefungwa ndani ya fitati, na kuku hana uwezo wa kutosha wa kuifungua. Kimeng'enya cha fitasi ndicho huifungua. Sasa mmwagie chokaa bila kipimo: kalisi ya ziada hushikana na fitati hiyo hiyo na kuikaza zaidi. Yaani dawa yake inaongeza ugonjwa!

Koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea vya Eimeria, mwandishi huyo hata hajaigusa. Pasua utumbo wa kuku aliyeugua: ukiona michirizi myeupe iliyokingama sehemu ya mwanzo, vimelea hivyo vimeshaharibu ukuta unaofyonza madini na vitamini D. Hapo fitasi peke yake haitoshi, chokaa ndiyo kabisa.

Mfugaji, kabla hujanunua mfuko mwingine wa chokaa, ondoa maranda yaliyolowa yanayostawisha vimelea hivyo, mpeleke kuku aliyekufa kwa daktari wa mifugo apasuliwe, na muulize mwuza chakula ameweka fitasi kiasi gani.