Kura yangu naipeleka kilimani



Wiki ijayo chama chetu kinapiga kura ya safari ya Pasaka, na tangu juzi kila anayetoa maoni anataja Conwy. Conwy, Conwy, Conwy, utadhani Welisi nzima ina ngome moja. Sina ugomvi na Conwy. Ina minara minane, imekaa ukingoni mwa maji, picha zake zinatoka vizuri. Ila mimi kura yangu naipeleka Dinas Brân, yale magofu yaliyoko juu ya kilima pale Llangollen. Nimeshaenda mara mbili, kwa hiyo naomba mnisikilize kabla hamjasema "mawe tena?"

Kwanza tuwekane sawa, nani alijenga nini. Conwy, Caernarfon, Harlech na Beaumaris ni kazi ya Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Tatu za kwanza zilianza kujengwa mwaka 1283, alipokuwa anamalizia kuiteka Welisi, na Beaumaris ikafuata mwaka 1295. Hazikuwa mapambo zile. Ziliwekwa pale ili Mwelisi akifungua mlango asubuhi aone bosi ni nani. Leo zote nne ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1986, zina geti, tiketi na duka la zawadi.

Dinas Brân ni ya upande wa pili. Inaaminika aliyeijenga ni Gruffydd ap Madog, mtawala wa Kiwelisi wa Powys ya kaskazini, katika miaka ya 1260. Mwaka 1277 jeshi la Edward likaja, kikosi kikiongozwa na Henry de Lacy. Kabla hajafika kuizingira, waliokuwa ndani wakaitia moto wenyewe wakaondoka. Yaani ngome haijatimiza hata miaka 20, wenyewe wanaichoma ili adui asije akailalia. Baadaye eneo lile likapewa bwana mkubwa wa Kiingereza, John de Warenne, naye hakuhangaika nalo. Ngome mpya ikajengwa Holt, bondeni kando ya mto Dee, na ile ya kilimani ikaachiwa upepo na kondoo. Mpaka leo.

Sasa nauliza: sisi wenye historia yetu hii, kwa nini kila mwaka tunalipa kiingilio kwenda kushangaa ngome ya aliyeteka, na ya aliyetekwa tunaipita kwenye basi? Kuna jamaa alinijibu, "Kwa sababu kule juu hakuna kitu." Jibu zuri, tulichambue.

Ni kweli paa hakuna. Zimebaki kuta zilizovunjika, uwazi wa madirisha na mabaki ya lango. Lakini tembea uizunguke. Utakuta handaki kubwa limechongwa kwenye mwamba wenyewe, kwa mkono, na mawe yaliyotoka humo ndiyo yaliyojengea kuta. Utaona pia tuta la ngome nyingine ya zamani zaidi, ya enzi za chuma, maana watu walishakiona kile kilima kina faida karne nyingi kabla ya Gruffydd. Kule Conwy kibao kinakuambia kila chumba kilikuwa cha nani. Huku inabidi ukae chini ufikirie mwenyewe: wangepita wapi, maji wangetoa wapi, mtu angekuona ukiwa mbali kiasi gani. Tuko chuo kikuu jamani, kufikiri ndiyo kazi tuliyojia.

Halafu kuna kupanda kwenyewe. Kilele kiko kama mita 320 juu ya usawa wa bahari. Unatoka mjini, unavuka mto Dee kwa daraja la mawe, unapita stesheni ya treni za mvuke, unavuka mfereji, halafu mlima unaanza na hauna utani. Mtu wa kawaida ni kama saa moja, mtu wa chipsi kila siku aongeze muda, teh teh teh. Ukifika nusu unaelewa kwa nini hakuna aliyetaka kuishambulia ile ngome kwa miguu. Kitu hicho huwezi kukisoma, lazima magoti yakuambie. Na juu upepo unapiga mpaka mnaongea kwa kupigiana kelele, huku chini bonde lote limelala na ng'ambo ya pili yale majabali meupe ya Eglwyseg.

Hili si la Welisi tu, ndiyo maana linaniuma. Nyumbani wanaokwenda Kilwa Kisiwani wakishuka kwenye mashua wanaanza na Gereza, kwa sababu liko palepale pwani. Wareno walijenga ngome pale baada ya kuivamia Kilwa mwaka 1505, na Waomani wakaja kujenga juu yake. Picha zinapigwa, watu wanaridhika. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, liko juu ya genge zaidi ya kilomita moja kutoka hapo, na lazima utembee. Wangapi wanatembea? Kwenye kikao chetu cha mwisho tulikuwa 14, niliuliza nani amefika Kilwa. Mikono miwili. Mmoja ni mtu wa Lindi.

Ninachoamini ni hiki: tunakokwenda kwa miguu yetu ndiko kunakokumbukwa. Sehemu ikikosa wageni inakosa pesa, na ikikosa pesa inakosa wa kuisimulia. Ngome ya mshindi haihitaji kura yangu, ina watu wa kutosha.

Na Wawelisi hawakuishia kilimani. Karne ya 19 kuna shule zao ambako mtoto akikamatwa anaongea Kiwelisi alivalishwa kibao shingoni. Kinawakumbusha kitu waliosoma kwetu? Sensa ya 2021 imekuta watu kama 538,000 bado wanakiongea, na ukishuka pale Llangollen barabara imeandikwa ARAF, yaani punguza mwendo. Mfalme alichukua kilima, lugha hakuiweza. Ndiyo maana kwenye basi letu ningependa kusikia Kiswahili kwenda na kurudi, siyo hiki Kiingereza cha kujipendekeza tunachosemeshana wenyewe kwa wenyewe.

Wenye hoja ya goti bovu nimewasikia, na ni hoja ya haki. Siyo kila mtu apande. Njia ya kando ya mfereji ni tambarare kabisa, na bondeni kuna magofu ya abasia ya Valle Crucis iliyoanzishwa mwaka 1201. Watakaobaki chini hawatakaa kwenye basi kula karanga.

Mwisho pesa, maana kaka mhazini anapenda hesabu. Kupanda Dinas Brân ni bure, geti hakuna. Zile fedha za kiingilio cha Conwy ziende kwenye pilau na chai ya chupa, kwa sababu kule juu hakuna duka wala choo. Vaeni viatu vya maana na koti la mvua, hata kama asubuhi kuna jua. Hasa kukiwa na jua.

Kura ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, chumba kilekile. Anayetaka Conwy aje na hoja, siyo picha.

Nawasilisha.