UZITO NI ULE ULE? LA HASHA!

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lingali zima, ahsante Mungu, lakini kuna mzee mmoja hapa shuleni ambaye nusura avunjiwe jina lake zuri kwa sababu ya ukaidi wetu sisi wanafunzi. Ndiyo maana nimeishika kalamu. Maoni yangu ni haya: mzigo hauangushi trela kwa uzito wake tu, bali kwa mahali ulipowekwa, na anayepakia ana lawama sawasawa na anayeendesha.

Wengi wenu mnakikumbuka kisa chenyewe. Ilikuwa muhula wa tatu mwaka wa 2024, wakati wa mavuno, na baadhi ya wazazi walikuwa wameleta mahindi badala ya pesa za karo. Magunia 20 yalikuwa yamekusanywa kule ng'ambo ya mto. Vijana wanane wa Kidato cha Tatu, nami nikiwemo, tukatumwa na dereva wetu wa trekta kwenda kuyachukua. Trela ya shule ni ya ekseli moja, magurudumu mawili tu, moja kila upande. Mbele ina ule mkono mrefu wa chuma unaofungwa nyuma ya trekta kwa pini.

Tulianza kazi kwa mbwembwe. Lakini gunia la mahindi ni kilo 90, si mchezo! Baada ya magunia machache migongo ilianza kulia, tukaona hakuna haja ya kuyasukuma hadi mbele. Tukawa tunayabwaga pale pale mlangoni, nyuma, moja juu ya jingine. Mzee akaja, akazunguka trela, akatikisa kichwa.

"Vijana wangu, hayo ya nyuma yaleteni mbele kidogo. Hivi haitapanda mlima."

Mmoja wetu akajibu, na kicheko juu, "Lakini Mzee, si uzito ni ule ule?"

Tukaangua kicheko sote. Mzee akatusihi tena, lakini mawingu yalikuwa yamejikusanya na mvua ilikuwa karibu kunyesha. Mwishowe akanyamaza, akapanda trekta yake. Hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe husema hivyo.

Kwenye tambarare mambo yalikuwa shwari. Tulipouanza ule mlima wa kutoka mtoni hadi langoni, magurudumu makubwa ya trekta yakaanza kuzunguka pale pale yakirusha matope. Mara tukasikia, kra! Pini ikachomoka. Mkono wa trela ukaruka juu kama shingo ya twiga, mkia ukagonga chini, na magunia yakaporomoka mlimani. Lo! Nyuma yetu walikuwepo watoto wa Kidato cha Kwanza waliotoka mtoni na ndoo zao za maji. Gunia la kwanza lilipita hatua kama tano hivi kutoka kwao. Sitaki hata kuwaza ingekuwaje lau wangekuwa wametembea upesi kidogo.

Jioni hiyo hiyo uvumi ukaenea bwenini. Ati dereva alikuwa akienda mbio. Ati alikuwa amelewa. Mzee akaitwa akaeleze, akakatwa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya mahindi yaliyomwagika. Sisi wanane tulikula chakula chetu cha jioni kimya. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi.

Sasa nawauliza, wasomaji wapenzi, kosa lilikuwa la nani? Majuma mawili kabla ya siku hiyo tulikuwa tumefanya jaribio la marudio la fizikia. Swali moja lilikuwa la rula ya mita iliyowekwa juu ya ukingo, na vipande vya uzito vimening'inizwa huku na huku. Mimi nilipata alama zote! Kumbe nilikuwa najua rula, sijui trela.

Na trela ni rula ile ile. Ekseli ndiyo ukingo. Kila kitu kina kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wake wote ni kama umekusanyika hapo. Kitovu cha mzigo kikiwa mbele kidogo ya ekseli, mkono wa trela huilalia trekta. Kikiwa nyuma ya ekseli, mkono hutaka kwenda juu. Nguvu ya kugeuza ni uzito mara umbali, kama watoto wanavyojua kwenye pembea ya ubao: mdogo akikaa mwisho kabisa humwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati.

Tupige hesabu kidogo, msiogope. Magunia 20 ya kilo 90 ni kilo 1,800. Tuseme kutoka ekseli hadi kwenye pini ni mita 3, na trela yenyewe ikiwa tupu imejisawazisha. Kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 30 mbele ya ekseli, pini hulaliwa na kilo 180. Hiyo ni asilimia 10 ya mzigo wote, nayo ni salama. Sasa chukua magunia sita tu, uyarudishe nyuma mita mbili. Kitovu kinarudi nyuma sentimita 60, yaani kinaishia sentimita 30 nyuma ya ekseli. Pale palipokuwa na kilo 180 za kukandamiza chini sasa pana kilo 180 za kuinua juu! Mizani ingeonyesha kilo 1,800 zile zile. Uzito ni ule ule, lakini trela si ile ile.

Kisha ongeza mlima. Ukirundika magunia hadi kitovu kikawa mita moja juu ya ekseli, basi mlima unaopanda mita moja kwa kila mita kumi hukirudisha nyuma sentimita kumi zaidi. Ndiyo maana kwenye tambarare tulipona na mlimani tukaaibika. Tena trekta husukuma kwa magurudumu yake ya nyuma. Mkono wa trela ukiyainua hayashiki ardhi sawasawa, yanateleza tu.

Najua kuna mjuaji atakayesema, "Basi tuweke yote mbele, yaishe!" La, hiyo nayo ni balaa. Mkono ukiilalia mno trekta, magurudumu yake ya mbele huwa mepesi, na hayo ndiyo ya usukani. Dereva atageuza usukani na trekta itaenda itakako. Wanaovuta trela kwa magari madogo, hasa kule Marekani, hufuata kanuni ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela kuilalia gari. Ikipungua mno, trela huanza kuyumbayumba kama mkia wa samaki kadiri mwendo unavyoongezeka, na inaweza kuiangusha gari yenyewe.

Hata sheria inalijua jambo hili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu mizigo ya magari haikutosheka na kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Imeweka pia kikomo kwa kila ekseli, mathalani tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Kwa hiyo lori laweza kuwa halijazidisha kilo hata moja kwa jumla, na bado likashikwa pale mizani kwa sababu mzigo umelalia upande mmoja.

Lakini si lazima mtu asome sheria wala fizikia ndipo ajue. Nendeni sokoni mkamtazame hamali wa mkokoteni. Kabla hajaondoka huinua ile mikono ya mbele kwanza, auonje uzito. Ikiwa mizito mno, anarudisha gunia moja nyuma. Ikitaka kumwinua yeye juu, analeta moja mbele. Hana rula wala kikokotoo, lakini hesabu yake haikosei, maana akiikosea atabaki ananing'inia hewani sokoni kote wakimcheka. Mwenye punda naye hufanya vivyo hivyo, la sivyo mkanda utamkaba mnyama tumboni. Hawa ndio tunaowaita watu wasiosoma!

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Sisi tulimcheka mzee kwa sababu hakupita mlango wa maabara, kumbe yeye ndiye aliyekuwa na fizikia na sisi tulikuwa na alama tu. Elimu inayoishia kwenye karatasi ya mtihani ni kama debe tupu.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, mwenye kuendesha ndiye awe na neno la mwisho kuhusu upakiaji, na asiondoke mpaka aridhike, hata mvua ije. Pili, walimu wetu wa fizikia watutoe nje angalau siku moja, tulisome somo hili kando ya trela ya shule, na dereva awepo kutufunza. Tatu, kila mpakiaji akariri haya: vizito chini na mbele kidogo ya magurudumu, vyepesi juu, kamba zikazwe, pini ikaguliwe na kufungwa, na mtu yeyote asitembee nyuma ya trela ikipanda mlima.

Jambo la mwisho ni langu binafsi. Muhula huo ulipokuwa ukielekea ukingoni nilimwendea Mzee, nikamwambia kuwa sisi ndio tuliokataa kuhamisha magunia na kisha tukanyamaza. Nikamwomba msamaha. Alinitazama kwa muda, akasema, "Nilijua, kijana wangu. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje." Hakusema zaidi, na siku hizo zote hakuwa amemtaja yeyote kati yetu huko ofisini.

Mshahara uliokatwa sikuweza kuurudisha. Lakini uvumi ule wa ulevi naufuta leo kwa maandishi, mbele ya shule nzima: Mzee hakuwa amelewa, wala hakuwa akienda mbio. Trela ilipakiwa vibaya, na waliopakia ni sisi.