Jina la Shamba si Hati ya Shamba

Wengi wenu mlikuwapo Jumamosi ile, na ambao hamkuwapo mmeshasimuliwa. Ndugu yetu aliyezungumza na sisi wazazi wa Kiswahili hapa Stockholm, hasa wale ambao watoto wao wana damu ya Kinorwei upande mmoja, alizungumza kwa ufasaha juu ya kutafuta asili ya mababu, na akapigiwa makofi. Mimi nilikuwa naandika. Tangu siku hiyo nimelinganisha maneno yake na nyaraka, dai kwa dai, na nimeona kwamba nguzo karibu zote alizozisimamisha haziwezi kubeba paa. Sina ugomvi naye. Ninahofia watoto watakaofuata njia aliyowaonyesha wakaishia kulilia kaburi la watu wengine. Hoja zake nitazieleza kama alivyozieleza mwenyewe, na hukumu naiacha mikononi mwenu.

Alianza na jina. Majina kama Haugen, Bakken na Dahl, alisema, ni majina ya mashamba. Basi mwenye jina atafute shamba hilo kwenye ramani, na kazi imekwisha. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Mtaalamu wa Kinorwei, Oluf Rygh, aliyakusanya majina ya mashamba ya nchi nzima katika kazi ya majuzuu mengi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1897, na yeyote anayetafuta asili yake atafaidika nayo. Kosa limo ndani ya lile neno "basi". Haugen maana yake ni kilimani, Bakken ni mteremkoni, Dahl ni bondeni. Katika nchi iliyojaa vilima na mabonde, mashamba yanayoitwa Haugen ni mamia. Ndugu yetu hakusema tuchague lipi.

Hata tungejua ni lipi, jina lenyewe halitoi ushahidi anaoutaka. Vijijini Norwei mtu alikuwa na jina lake na jina la baba yake: Ole mwana wa Hans aliitwa Ole Hansen, dada yake Kari Hansdatter. Jina la shamba lilikuja nyuma yao kama anwani. Akihama kutoka Haugen kwenda Bakken, aliandikwa Bakken. Akioa binti aliyerithi shamba na kuhamia kwao, alichukua jina la shamba la mkewe. Kibarua asiye na hata hatua moja ya ardhi yake aliitwa kwa jina la shamba alikolala. Juma wa Kisutu akihamia Mbagala, mjukuu wake hawezi kuchukua barua ya zamani iliyoandikwa "Juma wa Kisutu" akaenda nayo Kisutu kudai nyumba. Sheria iliyowataka Wanorwei wote wawe na jina la ukoo la kurithishana ilipitishwa mwaka 1923, na kabla ya hapo jina linakuambia mtu alikaa wapi siku alipoandikwa. Halikuambii alizaliwa wapi, wala nani alimiliki.

Dakika ishirini baadaye alisema jambo ambalo naomba mliweke kando ya hilo la kwanza. Alisema wahamiaji walibadilishwa majina na makarani wa bandarini, kwa hiyo njia ya nyuma imekatika na tusisumbuke na nyaraka. Ikiwa jina ndilo ramani ya kutufikisha shambani, haliwezi kuwa wakati huohuo kitu alichokibuni karani asiyejua Kinorwei. Moja kati ya madai haya lazima lianguke. Kwa bahati mbaya yote mawili yanaanguka.

Mfano wake ulikuwa kisiwa cha Ellis, New York. Kituo cha kupokea wahamiaji hapo kilifunguliwa mwaka 1892. Wanorwei walianza kuvuka Atlantiki kwa makundi tangu meli Restauration ilipong'oa nanga Stavanger tarehe 4 Julai 1825 ikiwa na watu 52, na kwa miaka mingi baada ya 1850 wengi wao walishukia Quebec. Kizazi baada ya kizazi kilifika kabla Ellis haijakuwapo. Waliopitia hapo walikaguliwa kwa orodha ya abiria iliyoandaliwa kabla ya meli kuondoka. Karani aliisoma, hakuitunga. Majina yalibadilika, hilo sikatai, ila waliyabadilisha wahamiaji wenyewe, taratibu, shuleni na kazini. Isitoshe, watoto wetu hawana uhusiano na bandari hiyo. Mababu zao walikuja Stockholm. Reli iliunganisha mji huu na Kristiania, yaani Oslo ya leo, mwaka 1871, nchi zote mbili zikiwa chini ya mfalme mmoja tangu 1814 hadi 1905. Mtu aliyehama alibeba cheti cha mchungaji wake, akakikabidhi kwa mchungaji wa huko alikofika. Kwa karatasi hiyo njia ya nyuma ilibaki wazi.

Kuhusu DNA nitakuwa mfupi. Alisema mate ndani ya kichupa yanatosha. Kipimo hicho kinaweza kukukutanisha na binamu usiyemjua na kufichua siri ambayo daftari liliificha, na kwa hilo kina thamani yake. Lakini asilimia za "Kinorwei" na "Kiswidi" zinatokana na kukulinganisha na watu walio hai leo. Jämtland ilikuwa ya Norwei mpaka 1645, Bohuslän mpaka 1658. Mpaka ulihama, watu wakabaki palepale wakioana na majirani. Hakuna maabara itakayoandika jina la shamba katika majibu yake.

Sasa nafika kwenye dai lililoniumiza, kwa sababu niliona vichwa vikiitikia. Alisema vitabu vya kanisa ni vya wenye mali. Fukara hakuandikwa, na kwa kuwa mababu wengi walihama kwa ufukara, hatutawakuta. Ninaelewa kwa nini linaaminika. Sisi tunatoka kwenye historia ambamo serikali ilimwandika maskini pale tu ilipotaka kodi yake. Lakini hapa nyaraka zinasema kinyume kabisa.

Uswidi, sheria ya kanisa ya mwaka 1686 ilimtaka mchungaji aandike kila aliyezaliwa, aliyeoa, aliyekufa na aliyehama katika usharika wake. Pia aliwapima watu usomaji na katekisimu, akijaza daftari la kaya pamoja na vijakazi na watumishi. Kazi hiyo ya kuandikisha raia ilibaki kwa kanisa mpaka tarehe 1 Julai 1991, ilipohamia ofisi ya kodi. Stockholm iliongeza daftari lake yenyewe: kuanzia 1878 mpaka 1926 mji uligawanywa katika kata, kila kata na karani wake aliyeitwa roteman, na karani huyo aliandika nani kahamia jengo lipi, kazi yake, siku na mahali alipozaliwa, na alikotoka. Daftari hizo ziko katika hifadhi ya nyaraka ya jiji. Aliyehamahama kwa kukosa kodi ya nyumba ameandikwa mara nyingi kuliko tajiri aliyekaa jumba moja maisha yake yote.

Norwei ilihesabu watu wake kwa majina nchi nzima mwaka 1801, kisha 1865, na sensa hizo zinasomwa bure katika Digitalarkivet, hifadhi ya nyaraka ya Norwei mtandaoni. Sensa ya 1865 haikuishia kwenye majina. Iliandika ng'ombe wangapi, kondoo wangapi, mbegu kiasi gani za shayiri na viazi. Iliandika hivyo hata kwa husmann, mtu aliyepewa kibanda na kipande cha kulima ndani ya shamba la mwingine, akalipa kwa siku zake za kazi.

Nawapa ushahidi wa nyumbani kwangu. Baba yake babu wa mke wangu alikuwa seremala Södermalm, jina lake la mwisho Haugen, na kwa miaka mingi ukweni waliamini kwamba waliwahi kumiliki shamba la Haugen. Karani wa kata alikuwa ameandika tarehe yake ya kuzaliwa na usharika mmoja wa Hedmark, Norwei. Kitabu cha ubatizo cha usharika huo kinamtaja mtoto wa husmann, chini ya shamba lenye jina tofauti kabisa. Sensa ya 1865 inamwonyesha akiwa mtoto mdogo: wazazi wawili, ng'ombe mmoja, kondoo watatu. Haugen ni mahali alipofanya kazi ujanani kabla hajaondoka. Tungefuata kanuni ya ndugu yetu, tungepiga picha mbele ya nyumba ya tajiri wake. Mama mkwe alisoma mstari ule wa ng'ombe mmoja mara mbili, akalia, na akasema sasa anajua kwa nini waliondoka.

Mwisho, akijibu swali la mama mmoja, alishauri watoto wafuate upande wa Norwei peke yake, kwa kuwa upande wa Afrika hauna shamba wala daftari. Hapa sitamsaidia kuonekana mwenye busara. Mtu aliyetuambia muda si mrefu kwamba nyaraka hazina maana hawezi kuutupa ukoo wangu kwa sababu hauna nyaraka.

Na si kweli kwamba hauna. Mimi ni Mmakua wa Masasi. Wamishonari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, na misheni hubatiza kwa daftari. Kwetu ukoo hufuata mama, kwa hiyo jina la baba lililo kwenye pasipoti yangu halitaji ukoo wangu, kama vile Haugen lisivyotaja wa seremala. Shamba pia lipo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na watu wa kusini walihamishwa wakaacha nyumba zao. Mahame yapo mpaka leo, na mikorosho iliyoachwa bado inaonyesha kaya ilikuwa upande gani. Mjomba wangu anajua ni ya nani. Alihamishwa akiwa kijana mwenye mke. Leo ni mzee anayetembea kwa fimbo. Daftari la Hedmark limehifadhiwa na litasubiri. Yeye hawezi kuambiwa asubiri.

Tiketi za Desemba tumeshakata. Binti yangu ameandaa daftari, na kurasa zake amezipiga mistari kwa kufuata ile sensa ya 1865: jina, mahali alipozaliwa, nani anaishi humo, mifugo mingapi, mbegu gani. Safu moja ameiongeza mwenyewe, ya mikorosho.