Baada ya Difenda, Nani Anampokea?

Video yetu ya kwanza iliisha kwa king'ora. Msichana anakimbia usiku kwenye shamba la mahindi, ngariba na wazee wako nyuma yake, mara taa za difenda zinamulika, baba anatiwa pingu, skrini inakuwa nyeusi, kisha maandishi meupe: "Ukeketaji ni kosa la jinai." Dakika 4 na sekunde 10. Siku tuliyoionyesha ukumbini hapa chuoni watu walisimama wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyekata na kuunganisha zile picha, na wiki nzima nilitembea kifua mbele kama prodyuza mkubwa.

Leo naandika kusema kwamba ule mwisho ulikuwa mbovu. Na siyo wa kwetu tu. Nyimbo, maigizo na video nyingi tunazotengeneza sisi wanafunzi kuhusu ukeketaji zinaishia palepale: kwenye pingu.

Kwa asiyetoka kwetu Mara, nieleze kidogo. Miongoni mwetu Wakurya wa Tarime na Serengeti, koo nyingi hukeketa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015-16 zilionyesha kuwa asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamekeketwa. Kwa Mara peke yake ilikuwa asilimia 32. Mwaka 2022 kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 8. Kinashuka, ndiyo, lakini kinashuka polepole, na sheria ipo tangu 1998: anayemkeketa au kumkeketesha mtoto wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15.

Sasa, likizo ile nilirudi nyumbani na laptopu yangu. Jioni moja, sebuleni kwa shangazi, nikawawekea video mabinti wa pale mtaani, kama kumi na wawili hivi, wa darasa la sita na la saba. Ukumbini chuoni watu walipiga makofi. Hawa hawakupiga. Walikaa kimya, halafu mmoja akauliza, "Kaka, huyo dada sasa anaenda wapi?"

Nikamjibu, "Anaenda nyumba salama."

"Halafu?"

Aisee, sikuwa na jibu. Kwenye video yangu hakukuwa na "halafu".

Usiku ule sikulala vizuri, maana kuna kitu nilikuwa nakijua na nilikuwa nimekificha hata nafsi yangu. Nikiwa darasa la nne, dada yangu alikeketwa. Asubuhi ile sikuiona, watoto wa kiume tulifukuzwa. Nilichokiona ni mchana wake. Mtaa mzima ulitoka. Walimvika kanga mpya, wakambandika noti kifuani, wakamsindikiza barabarani kwa nyimbo na filimbi, na mimi mdogo wake ndiye niliyeshika mwavuli juu ya kichwa chake. Nilipewa soda. Kwa miaka mingi niliikumbuka kama siku nzuri kuliko zote za utoto wangu, na hilo linaniuma hadi leo.

Nikamwonyesha dada ile video. Ana watoto sasa, na binti yake ameapa hataguswa. Aliangalia hadi mwisho, akasema, "Mdogo wangu, umetengeneza vizuri. Ila mimi ile siku ndiyo siku pekee maishani watu wote walinipokea. Huyu wako umempokea na nani? Polisi?"

Hapo ndipo nilielewa. Mila ina mwisho wake, na mwisho huo una nguvu kuliko wetu: kanga, mwavuli, pesa, jina zuri, ng'ombe wa mahari. Asiyekeketwa anaitwa msagane, tusi ambalo binti wa kwetu analisikia kisimani, shuleni, hata jikoni kwao. Halafu sisi wasomi tunakuja na mwisho wetu: unakimbia usiku peku, baba yako anafungwa, skrini inakuwa nyeusi. Kisha tunashangaa kwa nini kuna binti wa miaka 13 anayeisikia semina yote, na Desemba anakwenda mwenyewe kwa ngariba. Siyo kwamba hakuelewa somo. Amelinganisha miisho miwili, akaona upi una watu.

Kosa la pili nililionyeshwa na mzee aliyetupigia litungu. Nilimpelekea video ajisikie, kwa heshima. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Ilipoisha akauliza, "Vijana wangu, mbona mmenikata?" Nikarudi kuangalia. Kweli bwana. Nyuzi zake 8 zilisikika kwenye kisu, kwenye vitisho, kwenye mbio za usiku. Msichana alipookolewa tu, nilizima litungu nikaweka piano niliyoipakua mtandaoni. Bila kukusudia nilikuwa nimesema kwamba muziki wa kwetu ni sauti ya uovu, na wokovu unakuja na piano. Mzee huyo hamtetei ngariba hata kidogo. Lakini akasema, kama litungu haliwezi kumsindikiza mtoto nyumbani, basi hata mwanzoni msilitumie.

Tukakaa kikao. Wenzangu wawili walinipinga vikali, na hoja zao si za kupuuza. Mmoja alisema sheria ndiyo ujumbe, ukiondoa pingu unawaambia wazazi hakuna kitu kitawapata. Mwingine alisema nikiweka mwisho wa baba kumkumbatia binti nitakuwa nadanganya, kwa sababu wako wasiokumbatiwa kabisa.

Huyu wa pili alikuwa sahihi, na ndiye aliyetuokoa tusitoke kwenye uongo mmoja tukaingia mwingine. Kwa hiyo tuliacha kubuni, tukaenda kujifunza kinachotokea kweli. Kwetu kuna vituo vinavyopokea mabinti wanaokimbia. Upande wa Tarime kipo cha Masanga, ambako mabinti hufundishwa na kisha hufanyiwa sherehe ya kuhitimu bila kukeketwa. Upande wa Serengeti, Nyumba Salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014, na kazi yake inaonekana kwenye filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter. Kiongozi wake, Rhobi Samwelly, mwenyewe alikeketwa akiwa binti mdogo. Msimu ukiisha, kazi ngumu ndiyo inaanza: watu wa kituo, ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi wanakwenda kuzungumza na wazazi. Wapo wanaokubali na kuahidi kwa maandishi. Wapo wanaokataa katakata, na binti anabaki kituoni, anasomeshwa hukohuko. Yaani hadithi yenyewe iko Januari, na sisi sote tunapiga picha Desemba.

Basi tukakata. Difenda imebaki, ila tumeisogeza katikati, sekunde 6 tu, ili asije mtu akasema tumefuta sheria. Piano nimeitupa. Tukarudi kijijini tukapiga sekunde 50 mpya. Msichana anashuka kwenye pikipiki. Kaka yake anabeba tranka. Jirani anamfunga kanga mpya begani. Bibi anatoa kigoda na kukipangusa kwa mkono. Baba amekaa chini ya mti, hamwangalii. Njia ya kuingia bomani imezibwa na ng'ombe, na kwa muda hakuna anayesogea. Kisha baba anainuka, hasemi neno, anawasogeza ng'ombe pembeni, anarudi kukaa. Kaka anafungua mwavuli juu ya kichwa cha dada yake, wanaelekea mlangoni. Litungu linapiga hadi mwisho. Tumekata kabla hajaingia ndani, kwa sababu sisi hatuwezi kumwahidi mtu kilichoko ndani. Kisha namba 116, simu ya kumsaidia mtoto, ambayo kuipiga ni bure.

Msichana yule ni mwanafunzi mwenzetu anayeigiza. Hilo nalo niliseme kwa msisitizo kwa wana wote mnaotengeneza video: msiweke sura ya binti aliyekimbia kweli. Wewe utapata watazamaji elfu mbili, yeye atarudi kijijini ambako kila mtu ameiona.

Je, mwisho mpya unamaliza ukeketaji? Hapana. Nimewarudishia wale mabinti sebuleni kwa shangazi, na safari hii hawakukaa kimya, walibishana. Mmoja akasema baba yake asingesogeza hata ndama. Mwingine akasema bibi yake angetoa kigoda. Yule aliyeuliza "halafu?" akasema kwao angebeba tranka mjomba. Kila mmoja alikuwa anatafuta kichwani nani angempokea. Kwa maoni yangu hilo ni zaidi ya makofi ya ukumbini, kwa sababu binti aliyeshapata jina la mtu mmoja ana mahali pa kukimbilia na mahali pa kurudi.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu wa Tarime na Serengeti mnaofunga mabegi likizo hii. Sheria iacheni ifanye kazi yake, na ukiona mtoto anaandaliwa piga simu, usisubiri. Lakini Januari usiwe umeshawahi basi la kurudi chuoni huku binti wa jirani yako anarudi kwao peke yake kama mwizi. Ulizia anarudi siku gani. Nenda kambebee tranka. Wanaume hasa, sisi tulioshika miavuli kwenye msafara ule mwingine, bado mikono tunayo.